Mkono Uliobaki Kwenye Mraba

Kazini walimwita Mkunga, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mtunza ghala la picha katika gazeti moja. Chumba chake kilikuwa cha pili kushoto ukimaliza ngazi, chenye kompyuta mbili, kiti kilichochanika mgongoni, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Ghala lenyewe halikuwa na rafu wala makabati. Lilikuwa ndani ya kompyuta. Kila picha ya wapiga picha wa gazeti iliingia humo ikiwa kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera, na mfumo ukaanza kuitengenezea wadogo zake: moja pana ya kukaa juu ya habari kwenye tovuti, moja ya kati ya kukaa ndani ya maandishi, moja ya mraba kwa wanaosoma kwenye simu, na kijipicha cha mwisho, kidogo kama ukucha, cha kwenye orodha ya habari. Inaingia picha moja, inatoka na watoto wanne. Ndiyo maana ya Mkunga.

"Mkunga, mbona mtoto wangu hajazaliwa?" wenzake walimpigia kelele kutoka chumba cha habari.

"Subirini, mama bado anasukuma," alijibu, na watu wakacheka.

Kati ya watoto hao, mraba ndiye aliyekuwa mtundu. Kupunguza picha ni kazi nyepesi. Kila kitu kinabaki pale pale, kinakuwa kidogo tu. Lakini picha ya kamera ina mapana yake, na mraba hauna mapana hayo. Lazima kitu kikatwe. Mfumo ulijikatia wenyewe: ulitafuta uso, ukauweka katikati, ukatupa pembeni. Mara nyingi ulipatia. Siku nyingine ulimwacha bwana harusi nje, akabaki bibi harusi ameshika mkono usio na mwenyewe. Kwa ajili ya mambo kama hayo Mkunga alipewa kitone cha bluu. Akikiweka mahali kwenye picha, mfumo hauthubutu kukata hapo. Picha za ajali, za misiba na za watoto alikuwa na desturi ya kuzipitia moja moja kabla ya kuziachia.

Nyumbani alikuwa ameolewa na fundi wa friji, mwanaume mpole anayesema kidogo na kucheka kidogo. Mume huyo alikuwa na dada mmoja, mwalimu wa darasa la pili, aliyeishi na mama yao mitaa michache kutoka hapo. Mkunga na wifi yake walipendana kwa njia ya mawifi, yaani kwa kuchokozana. Mwalimu akiingia kwake hakosi kunusa. "Wifi, leo umepika au umeunguza?" Na Mkunga naye: "Nimeunguza, nilijua unakuja." Mama mkwe aliyasikiliza haya akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akitabasamu upande ambao hakuna mtu, maana macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu na alikuwa akiona vivuli tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua kubwa yenye upepo. Mama mkwe alikuwa na miadi kliniki ya macho, na Mwalimu aliomba jana yake, "Wifi, nisaidie kesho. Mimi siwezi kuwaacha watoto, shuleni tumebaki wachache." Mkunga akakubali bila kufikiria mara mbili.

Mchana picha zilianza kumiminika. Barabara zimejaa maji, mti umelalia gari, watu wamebeba viatu mikononi. Mpiga picha mmoja alituma fungu kubwa kutoka huko alikokuwa, bila maelezo, akasema maelezo yanafuata. Mkunga alikuwa tayari na mkoba begani. Mume alishapiga simu: "Mama amefika, dereva amemwacha mlangoni pa kliniki, anakuulizia." Kwenye skrini fungu lile lilionekana kama vigae vya bafuni, kijivu kitupu, maji juu ya maji. Hakufungua hata moja. Akabonyeza *Achia zote*, akazima skrini, akashuka ngazi mbio.

Kliniki ilikuwa imejaa. Alimkuta mama mkwe amekaa wima kwenye benchi, mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani.

"Umechelewa," mama akasema.

"Mvua, mama."

"Mvua mimi sikuiona, lakini niliisikia. Kaa."

Hawajaitwa bado, simu ya Mkunga ikaanza kutetemeka. Kwanza shemeji wa mbali. Kisha jirani. Kisha kundi la familia, ujumbe juu ya ujumbe. Alipoufungua mmoja, alikutana na mraba. Alama ya gazeti lao ilikuwa kwenye kona, na juu yake kichwa cha habari: *Vilio shuleni, wazazi wacharuka.* Ndani ya mraba kulikuwa na mwanamke mwenye uso uliokunjamana kwa ukali, meno nje, nywele zimemwagika usoni. Mkono mmoja amemkaba mtoto wa kike ukosi wa shati. Mkono wa pili ameuinua juu, kiganja wazi, tayari kushuka. Mtoto amefumba macho, mdomo umepanuka kwa kilio.

Mwanamke huyo alikuwa wifi yake.

Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: "Na hawa ndio tunawapa watoto wetu."

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza. Watu wasioona wana masikio ya ajabu. Alisikia pumzi ya mkwewe ilivyokatika.

"Hakuna kitu, mama. Mambo ya kazini."

Hapo ndipo alipotoa uongo wa kwanza, na alijua wakati anautoa kwamba utarudi.

Jioni Mwalimu alifika nyumbani kwake amelowa, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Hakuwa amegusa simu yake. Ilikuwa imezama kwenye maji shuleni. Alikuta nyumbani kaka yake, mke wa kaka yake na mama yake, wote kimya, akadhani wamesikia habari za ukuta.

"Tulieni, mimi mzima," akasema. "Ukuta wa darasa langu umeanguka. Ule wenye ufa, niliowaambia. Upepo umeinua bati, boriti ikachomoka. Watoto wote walitoka isipokuwa kale kasichana kanakokaa dirishani. Kalikuwa kameganda, hakasikii. Nikakakamata shati, na boriti ndiyo inakuja. Nikaweka mkono." Akainua bendeji. "Daktari anasema haujavunjika, umepasuka kidogo tu mfupa. Kasichana hakana hata mkwaruzo."

Mama yake akamshukuru Mungu kwa sauti. Kaka yake akatazama sakafu. Mkunga hakuweza kukaa. Alikwenda jikoni, akawasha jiko, akalizima, akarudi. Ndipo mume wake akatoa simu taratibu, akampa dada yake.

Mwalimu aliitazama picha kwa muda. Mwanzoni alionekana kama hajielewi, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgeni. Kisha akauliza, "Boriti iko wapi?"

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Nauliza, boriti iko wapi? Mbona nimeinua mkono hewani?"

Kesho yake mapema Mkunga alikuwa kazini kabla ya wafagiaji kumaliza. Akaifungua picha asilia. Ilikuwa pana, kali, nzuri kwa namna ya kutisha. Upande wa kushoto kabisa boriti ilikuwa ikishuka kwa mshazari kutoka kwenye paa, ncha yake iko shibiri moja tu kutoka kwenye kiganja cha Mwalimu. Nyuma ya mtoto ukuta ulikuwa umejiinamia na vumbi likitoka kwenye ufa. Uso ule ambao kwenye mraba ulikuwa wa hasira, hapa ulikuwa wa mtu anayesukuma mzigo unaomzidi nguvu. Mfumo uliona nyuso mbili, ukaziweka katikati kama ulivyofundishwa, ukaitupa boriti kwa sababu boriti haina uso.

Akaweka kitone cha bluu kwenye ncha ya boriti. Akabonyeza *Zalisha upya*. Watoto wakatoka tena mmoja mmoja, na safari hii kwenye mraba mlikuwa na mwalimu, mtoto na boriti. Akampigia wifi yake kwenye simu ya mama.

"Wifi, nimebadilisha. Sasa kila mtu ataona boriti."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nimeiona kwa macho yangu."

Mwalimu alitoka nje na habari hiyo. Mlangoni walikuwa wamesimama majirani wawili, mmoja wao mwenye duka la kona, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameshasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwalimu akawaambia fungueni gazeti sasa hivi, wamesahihisha. Mwenye duka akafungua. Akatazama. Akageuza simu ili na Mwalimu aone. Ilikuwa ile ile. Mkono juu, hewani.

"Mwalimu," mwenye duka akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "wewe pumzika tu nyumbani."

Simu ya Mkunga ikalia. "Wifi," sauti ikasema, "hata wewe?"

Akamkimbilia fundi wa mitambo, kijana aliyekuwa na kikombe cha kahawa kila ukimkuta. Fundi akaangalia, akakuna kidevu. "Dada, wewe umebadilisha ghalani. Lakini tovuti haichoti ghalani kila saa, ingechoka. Ilishachukua nakala zake wakati habari ilipotoka. Itaendelea na hizo mpaka mtu aichapishe habari upya. Kitufe kipo, ni kubonyeza tu."

"Basi bonyeza."

"Mimi? Habari ikishatoka ni ya mhariri. Nikigusa bila ruhusa nitakuwa nje ya geti kabla kahawa haijapoa."

Mhariri alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kifuani. Walimwita Mzee Kichwa kwa sababu vichwa vya habari alivitunga mwenyewe na hakuruhusu mtu avibadilishe hata nukta. Alimsikiliza Mkunga hadi mwisho, na hiyo ilikuwa dalili mbaya, maana akikubaliana na mtu humkatiza.

"Picha hatukuighushi," akasema.

"Hatukuighushi, bosi. Tumeikata."

"Kukata si kughushi. Ndani ya habari picha nzima ipo. Anayetaka ukweli afungue asome."

"Hawafungui, bosi. Wanaona mraba, wanatumiana. Huyu mwanamke amesimamishwa kazi asubuhi hii."

"Na nani?"

"Mwenye shule."

Mzee Kichwa akavua miwani. "Sikiliza, dada yangu. Tukibadilisha picha leo, kesho atakuja wakili kuniuliza kwa nini mlibadilisha. Kubadilisha ni kukiri. Tuliza moyo, watu watasahau. Kuna picha nyingine kesho." Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu, akauliza, "Unamjua?"

"Ni wifi yangu."

"Aa." Akarudisha miwani. "Basi ndiyo sababu nyingine ya wewe kukaa mbali nayo."

Siku zilizofuata mambo hayakusahaulika, yalikua. Walisema Mwalimu alimpiga mtoto mpaka mkono wake mwenyewe ukavimba, ndiyo maana ya bendeji. Mtu mmoja sokoni alimtemea mate karibu na miguu. Mwenye shule, ambaye kila muhula aliletewa habari za ule ufa na kila muhula akasema ataushughulikia, sasa alikuwa akizungumza na wazazi kuhusu nidhamu ya walimu, na ukuta haukutajwa tena na mtu. Mwalimu alikaa chumbani na pazia limeshushwa. Kaka yake alikwenda kila jioni, akakaa naye bila kusema, akarudi nyumbani akampita mke wake kama anavyopita kabati.

Mkunga akaona hana pa kutokea ila kusema. Alikwenda kwa mama mkwe mchana, Mwalimu akiwa amelala, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Picha ile ilipita mikononi mwangu. Nina kazi ya kuziangalia kabla hazijatoka. Ile sikuiangalia. Nilikuwa nakimbilia kliniki."

Mama mkwe alielekeza sikio kwake. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta pindo la kanga na kuliviringisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mwishowe, si kwa sauti ya kutukana, bali kama anayejithibitishia hesabu iliyokuwa ikimsumbua.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniacha pale kliniki. Ningesubiri. Mimi kusubiri najua."

Maneno hayo yalimwingia Mkunga kuliko methali. Akaanza kulia, na mama mkwe akamwacha alie, hakumbembeleza. Alipotulia, mama akasema, "Watu wote wananisimulia picha hiyo na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Nisimulie wewe. Yote. Anzia upande mmoja malizia mwingine."

Mkunga akaanzia kushoto. Akasimulia bati lililofunuka, boriti, misumari miwili iliyobaki kwenye ncha yake, kiganja, uso, nywele, ukosi wa shati, mtoto, ufa, vumbi, na dawati moja kulia kabisa lililobaki limesimama na daftari juu yake. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Boriti nene kiasi gani?"

Mkunga akachukua mikono ya mama, akaitenganisha kidogo. "Hivi."

Mama mkwe akabaki ameshikilia upana ule hewani muda mrefu. Kutoka chumbani walisikia kitanda kikilia. Mwalimu hakuwa amelala.

Kesho yake Mkunga alifungua habari ile kwa jina lake mwenyewe, na kitufe alichokatazwa akakibonyeza. Hakuficha. Kwenye sehemu ya sababu akaandika: *Mraba ulikata sehemu ya tukio.* Kisha akaichapa picha asilia kwenye karatasi kubwa ya mashine ya matangazo, akaikunja, akampigia yule mpiga picha.

"Kaka, wazazi wanakutana leo na mwenye shule. Njoo."

"Niko mbali."

"Njoo hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Mkutano ulikuwa katika darasa lililopona. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wengine wamesimama madirishani. Mwalimu alikaa mbele, peke yake, kwenye kiti kilichogeuzwa kuwatazama watu kama cha mshtakiwa. Alipomwona wifi yake anaingia na karatasi kwapani, aligeuza uso.

Mkunga si msemaji. Alisema jina la kazi yake, akasema picha waliyoiona imekatwa na mashine, na nzima ni hii. Akaitandika ubaoni, wazazi wawili wakamsaidia kushika kona. Watu wakaanza kuinuka kuja kuitazama kwa karibu, na kwa mara ya kwanza Mkunga akavuta pumzi hadi chini.

Mwenye shule akainuka pia. Akaitazama, akatabasamu, akawageukia wazazi. "Ndugu zangu, sisi si watoto. Siku hizi kompyuta inaweza kumweka tembo kwenye mti. Huyu mama ni wifi yake, na kazi yake ni hizo kompyuta. Picha ya kwanza tuliiona siku ile ile. Hii imekuja baada ya siku ngapi? Boriti imeota lini?"

Kukawa na mguno. Mkunga aliona watu waliokuwa wamesogea wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Kipande ndicho kilichofika kwanza, na sasa picha nzima ndiyo iliyoonekana ya uongo. Mwalimu hakulia. Alikuwa akiutazama mkono wake wenye bendeji kama kitu cha mtu mwingine.

Basi mpiga picha alifika wakati watu wameanza kunyanyuka. Alikuwa na tope hadi magotini, na hakusalimu. Alivua kamera shingoni, akaiwasha, akamkabidhi mama mmoja wa mstari wa mbele. "Bonyeza hapa, mama, uende nyuma. Kisha urudi mbele. Sijaitoa kadi tangu siku ile."

Mama yule akabonyeza. Picha zilikuwa zikifuatana kama mtu anayekonyeza: boriti juu, boriti chini zaidi, boriti juu ya mkono, Mwalimu amepiga goti, mtoto ametupwa nje ya fremu, salama. Mama akashika mdomo. Akampa jirani yake. Kamera ikapita dawati kwa dawati, na kila ilipopita palisikika sauti ndogo, kama ya mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Mzazi mmoja, baba mwenye ovaroli ya gereji, hakuirudisha haraka. Alikuza picha kwa kidole. "Huu ufa," akasema. "Mkono mzima unaingia humu. Ufa wa namna hii hautokei kwa mvua ya siku moja. Nani alikuwa anaujua?"

"Niliujua," Mwalimu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Nilisema kila muhula. Mwenyewe yupo hapo, muulizeni."

Yaliyofuata yalikuwa kelele, na mwenye shule alitoka kwa mlango wa nyuma akisindikizwa na walinzi wake.

Mtu angedhani hapo ndipo mambo yalipotengemaa. Hayakutengemaa, yalipungua tu makali. Mwalimu aliitwa arudi kazini kwa barua nzuri, akakataa. "Walikaa kwenye madawati wakanitazama," alimwambia kaka yake. "Kila mmoja mtoto wake nimemfundisha kuandika jina lake. Sasa nirudi nikawasalimie?" Akapata nafasi katika shule nyingine, mbali zaidi, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Gazeti liliandika masahihisho ya mistari miwili, chini kabisa ya ukurasa, bila picha. Ule mraba wa kwanza uliendelea kuishi kwenye simu za watu. Kila baada ya muda mtu asiyejua anautuma tena, na mwingine anaandika chini yake yale yale.

Mkunga naye aliitwa kwa Mzee Kichwa. Hakufukuzwa. Alihamishiwa kitengo cha matangazo, ambako alikata picha za viatu, magodoro na majokofu. Mume wake alijaribu mzaha, kwamba sasa wote wawili wanalishwa na friji, na Mkunga alicheka kwa kuwa mume alikuwa ameanza tena kusema naye. Kupitia ukutani alimsikia aliyerithi ghala akiulizwa, "Zimetoka?" na akijibu, "Zote, nimeachia zote." Mara ya kwanza alipoyasikia alikwenda kumgongea mlango na kumweleza habari ya kitone cha bluu. Yule dada akamsikiliza kwa adabu, akashukuru. Wiki iliyofuata Mkunga akasikia tena, "Nimeachia zote."

Kwa wifi yake alikwenda kila Jumapili. Alikaribishwa, akapewa kiti. Hakuna aliyemuuliza kama amepika au ameunguza. Mwalimu alikuwa na heshima naye, heshima ile unayompa mgeni wa mume, na hilo Mkunga aliliona ni adhabu, akaibeba. Aliwahi kusema mara moja, "Wifi, nisamehe," na Mwalimu akajibu, "Nimeshasamehe, wifi, mbona," haraka haraka, kama anayefunga mlango usiingize mbu. Mama mkwe, aliyekuwa karibu, akakohoa.

Muda ukapita. Mchana mmoja Mkunga akiwa kazini, anahangaika na godoro lililokatwa kona, simu ikaingiza ujumbe wa sauti kutoka kwa wifi yake. Mwalimu hakuwa amemtumia kitu chochote tangu yale mambo. Akatoka hadi kwenye ngazi, akaweka sikioni.

"Wifi, leo katoto kamoja kameniuliza mbele ya darasa zima, 'Mwalimu, ni wewe ulikuwa unampiga yule mtoto kwenye simu ya baba?' Nikawaambia simameni wote. Nikamwita mmoja mbele, nikamshika shati, nikampa mwingine fagio ashike juu yangu. Nikawaambia haya, hili fagio ni boriti, linaanguka, mimi nifanye nini? Wakapiga kelele, 'Mkono, mwalimu, weka mkono!' Nikaweka. Wakacheka, wifi, wamecheka sana, kila mmoja akataka kuwa boriti. Na mimi nimecheka nao. Halafu kengele imelia, nimeingia ofisini nimelia mpaka mwalimu mkuu akanifungia mlango." Zikasikika kelele za watoto kwa mbali. "Sijui kwa nini nakwambia wewe. Basi tu."

Mkunga alisikiliza mara mbili. Akaanza kuandika jibu, akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho akapiga.

"Wifi."

"Abee."

"Nimesikia."

"Najua umesikia, si umepiga." Lakini hakukata. Akauliza mama alikula nini mchana, na Mkunga akamwambia kaka yake alipita kumwona, mama anasema anataka redio yake itengenezwe. Wakaongea habari za redio. Mwalimu akasema mkono bado unamuuma kukiwa na baridi, hasa akiandika juu ubaoni, siku hizi anaandika chini chini na watoto wa nyuma wanalalamika.

"Nenda hospitali tena."

"Nitakwenda."

"Nikusindikize?"

Upande wa pili ukasikika ukurasa ukigeuzwa.

"Nitakwambia," Mwalimu akasema. "Haya, nina madaftari ya kusahihisha."